Filta

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, Magu imelala.
Naipapasa vani ubavuni kama ng'ombe wa maziwa,
nachomoa stiki ya oili, naifuta kwa kipande cha kanga kuukuu.
Laki nne na elfu themanini kwenye dashibodi,
na namba ya mwisho imekwama tangu mwaka wa mvua nyingi,
kwa hiyo umri wake kamili anaujua Mungu
na labda yule Mjapani aliyeiuza akidhani imechoka.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Abiria wangu hawana mizigo ya kufunga juu.
Mzigo wao ni maji waliyokatazwa kunywa,
wao watu wa ziwani, wanaolala wakiyasikia,
kikombe kimoja cha chai, basi, mpaka kesho.

Nyamizi hukaa mlangoni, kwa sababu ya kichefuchefu.
Mwalimu Kalunde hulala benchi zima la nyuma,
na benchi linamtosha, miguu na yote.
Ndiyo maana nilikataa kuongeza viti.
Fundi wa Igoma akanicheka: "Unabeba upepo, dada?"
Nabeba migongo ya watu. Mgongo unataka nafasi.

Kiti cha nyuma yangu, dirishani, ni cha Bukwimba.
Miaka thelathini chini ya sitaha, chumba cha mashine;
meli zilimla sikio la kushoto,
la kulia akaliweka kwa ajili ya injini yangu.
Hakuniamkia kabla hajaisikia ikiwaka.
"Nozeli ya tatu inakohoa."
"Beringi ya gurudumu la kulia. Mwezi mmoja, usizidi."
Mara moja tu alikosea, na kosa lilikuwa la redio.

Vani yangu haikimbii. Inakwenda.
Pale Nyanguge, kwenye rasta, hupita
kama mtu mnene anayeingia msibani,
taratibu, asigonge kiti cha mtu.
Usukani naushika kwa vidole viwili, kama chapati ya moto.
Shokapu za nyuma, zilizonigharimu mbuzi watatu,
humeza tuta zima,
na mkono wa Nyamizi, wenye mshipa ulioshonwa kwa ajili ya sindano,
hautikisiki mapajani.
Raha ya gari, vijana husema, ni spidi.
Waje wakae saa nne kwenye mashine pale Bugando,
kisha warudi kilomita sitini
kichwa kikiwa kitupu kama debe.
Ndipo tutaongea habari za raha.

Siku moja nilikuwa nabadilisha filta uani mwa hospitali.
Bukwimba akatoka wa kwanza, pamba mkononi,
akaiokota ile ya zamani, nyeusi, inachuruzika,
akainusa.
"Shilingi ngapi siku hizi?"
"Elfu kumi na tano."
"Kila kilomita elfu tano?"
"Elfu tano."
Akatazama chini mjini: mawe, mabati,
ziwa limekaa kimya kama lisilohusika.
"Yangu mimi," akasema, "haina duka."
Akacheka mpaka nikamshika kiwiko,
nami nikacheka, mikono imejaa oili, sina pa kujifutia.

Aliondoka Machi, usiku wa kuamkia Ijumaa yake.
Sikuwa na habari. Nikapiga honi mara mbili, kwa mazoea.
Mkewe akatoka barazani, akanitazama,
akazima taa.

Sponji ya kiti kile imebonyea.
Fundi anasema ataiinua, elfu ishirini tu.
Namwambia wiki ijayo. Namwambia hivyo tangu Aprili.

Jana pale Kisesa alipanda mgonjwa mpya, Lukonge,
miaka kumi na tisa, simu mkononi, hasemi na mtu.
Akakaa palepale, hakujua.
Tulipokaribia Igoma akachomoa kidude sikioni:
"Dada, huo mlio. Huku chini, kulia. Unausikia?"

Nilikuwa nimeusikia tangu Nyanguge.
"Beringi," nikamwambia. "Tuna mwezi mmoja."