Mnyama Hajatambulika

Nilikwisha apa: Jumapili hii
simu ile naitia kwenye jiko la kuni,
ipasuke, inuke, yaishe.
Mtoto wa miaka tisa, shingo imepinda kama ndoana,
anakula viazi hajui kama ni viazi.

Huku kwetu Chonchi, kisiwani Chiloé,
mvua haipigi hodi. Inaingia Machi,
inaaga Desemba,
na ikishaaga inakumbuka kitu ilichosahau, inarudi kukichukua.
Mimi kutwa kiwandani nafungua kome,
vidole vimevimba, nywele zanuka chumvi.
Nikirudi nautaka uso wa mwanangu.
Napewa utosi, na mwanga wa buluu chini yake.

"Aliro, zima hiyo simu!"
"Bado kidogo, mama."
Bado kidogo yake ina urefu wa masika.

Siku moja akaisahau juu ya friji, akaenda shule.
Nikaifungua ili nimtie hatiani.
Nilitafuta bunduki, magari yanayogongana,
watu wanaocheka ovyo.
Nikakuta sauti. Mia mbili na kumi na nne,
kila moja na tarehe, kila moja na jina
alilolitunga mwenyewe, herufi zimekosewa:

*Mvua kwenye bati la kuku.*
*Mvua kwenye bati la kuku, kuku wamenuna.*
*Upepo, lakini si ule wa jana.*
*Chukao, mkono wa kuume.*
*Chukao, mkono wa kuume, mbali.*
*Chukao, kushoto. Mama asijue.*

Maana kwetu ndege huyo akikulilia kuume, nenda, njia ni njema;
akikulilia kushoto, bora urudi ulale.
Nilimwambia mara moja tu, nikimfunga kamba za viatu.
Sikudhani alisikia.

Ni mwalimu wao, Bi Herminda, aliyewawekea programu hiyo:
unaielekeza simu kichakani, inatega sikio,
inakupa jina la aliyepiga kelele.
Aliro alinieleza tangu Oktoba.
Nakumbuka jibu langu. Nilisema, "Mm."

Ya mia na sitini na tatu ni chura.
Analia kama kifaranga aliyepotea,
na mwanangu ananong'ona karibu sana na kipaza sauti:
"Huyu ni baba. Watoto wake anawabeba kooni.
Wakikua anafungua mdomo, wanaruka nje, wazima."
Kisha kimya. Matone.
Baba yake yuko Aysén, kwenye vizimba vya samaki,
siku ishirini kazini, kumi nyumbani.
Kimya kile nilikisikiliza mpaka mwisho,
nikakirudia.

Ya mia na sitini na nne, chura yuleyule.
Kifaranga, kifaranga, kifa—
halafu kishindo cha mlango
na sauti imekwaruza kama msumeno kwenye fundo la mti:
"ALIRO! ZIMA HIYO SIMU!"
Chura kakata.

Chini yake programu imechora mawimbi ya kijivu, marefu,
ikaandika: *Mnyama hajatambulika.*
Na chini ya hapo, kwa kidole chake mwenyewe, mwanangu kajaza:
*Ni mama. Huita kila siku saa moja jioni.*

Nilicheka peke yangu jikoni.
Nilicheka mpaka ikawa si kucheka.
Nikairudisha juu ya friji, kioo chini, kama nilivyoikuta.

Saa moja jioni ikafika. Viazi mezani.
Nikafungua mlango, kifua kimejaa, kinywa wazi,
na kule kwenye mianzi myembamba
nikaona nuru ya buluu imechuchumaa matopeni.
Kinywa nikakifumba.
Kifaranga, kifaranga, kifaranga.

Viazi vikapoa.
Nikavaa buti za mume wangu, kubwa, zinanivuka,
nikatoka bila taa.
Njia fupi ingenifikisha kwake kwa kushoto.
Nikaizunguka nyumba nzima, banda la kuku, na rundo la kuni,
nimjie mwanangu mkono wa kuume.