Mia Saba na Tatu

Imerudi.
Kreti juu ya lori, turubai limelowa;
mvua ya bonde hili la Wales haina adabu, hainyeshi, inagandama.
Delyth amesaini. Mimi nimefungua daftari:
namba mia saba na tatu, mara ya tano kwetu.
Mara ya nne niliandika kwa wino wa bluu, Safari njema, bibie,
nikapiga mstari chini.
Nilidhani tumeagana.

Maana hesabu zilikaa sawa kwenye karatasi:
zije mpya, zinywe mafuta kidogo, zipae kwa kunong'ona,
na hizi za zamani ziondoke mojamoja
kama wageni wa harusi wanaotafuta viatu vyao mlangoni.
Zikaja kweli. Kipya kinyemi.
Ya kwanza ilishushwa hapa kifua mbele,
Gethin akaipapasa ubavuni kama ng'ombe wa maonyesho.

Haikutimiza miaka mitatu.
Ikarudi mapanga yameliwa
na joto iliyolizaa yenyewe,
na vumbi la jangwa iliyokuwa ikilivuta asubuhi na jioni.
Ingawa kidonda.
Ikawekwa kwenye foleni, foleni ikajaza karakana, ikatoka nje;
siku mia tatu kungoja kipuri kisichozidi kiganja.

Ndipo simu zikaanza.
Mnazo za zamani? Yoyote ile. Hata iliyochoka.

Wiki jana nilitumwa ng'ambo ya mlima.
Kuna ndege imesimama kwenye nyasi, kondoo wanaizunguka,
umri wake sawa na wa binti yangu wa mwisho, miaka sita,
mazulia bado yananukia dukani.
Wameinunua ili waichinje.
Hizo injini mbili kwapani mwake
zikikodishwa zinaingiza fedha
kuliko yeye mzima, na mabawa, na viti, na choo.
Sijawahi kuona moyo ukimfukuza mwenye mwili.
Sikusema kitu.
Niliomba spana.

Baba yangu alichimba makaa chini ya sakafu hii hii.
Shimo lilipofungwa walimwambia dunia imesonga.
Alikuwa na miaka arobaini na minne, mapafu ya miaka themanini.
Alikaa karibu na simu majira mawili ya baridi,
akiifuta vumbi.
Hakuna aliyeuliza kama wapo wa zamani,
yeyote yule, hata aliyechoka.

Basi leo naingiza kamera, nyembamba kama mkia wa panya,
ndani ya mia saba na tatu.
Kwenye skrini mapanga yanapita taratibu, Gethin anazungusha kwa mkono,
polepole, polepole bwana,
miruko thelathini na moja elfu, mitua thelathini na moja elfu,
masizi, kutu ya rangi ya chai,
halafu panga la kumi na saba: simama.

Mkwaruzo.
Naongeza mwanga. Napima. Nazima, natoka, nakunywa maji, napima tena.
Kati ya kovu na ufa pana unywele mmoja
na abiria mia na themanini.

Kovu.

Inafaa? anauliza Delyth, simu begani, mtu anangoja upande wa pili.
Wino wa bluu umekwisha. Nachukua mweusi.
Naandika tarehe, saa, jina langu, Emrys, kwa ukamilifu.
Mstari sipigi.