Mgao wa Saa Kumi

Tarehe kumi na nane Desemba, Kisoki alipiga simu kutoka makao makuu,
sauti tamu kama ya mtu anayekuja kukopa.
"Moshi, mnasemaje? Baridi imewaachia?"
(Jasho lilikuwa linanidondoka juu ya kompyuta.)
Upungufu, akasema. Dakika arobaini.
Kanuni inataka theluthi ya vipindi itoke mikoani,
mwaka unafungwa, mkaguzi hana utani.
"Nitumie chochote. Chochote, mradi kimezaliwa huko."

Nilikwisha kuiona theluthi inavyotimizwa.
Julai walikuja wanane, magari mawili,
wakalala Shanty Town usiku mbili,
wakampiga picha Kibo kabla hajajifunika,
wakampiga mtangazaji wao mbele ya Kibo,
wakaomba mwanamke mwenye mkungu wa ndizi
apite nyuma, arudi, apite tena,
asiangalie kamera.
Kwenye fomu, penye mahali pa utayarishaji, wakaandika: Moshi.
Mlima ulihesabiwa. Mkungu ulihesabiwa.
Yule mwanamke, nilikuja kujua, alilipwa soda.

Basi nikavuta droo.
Mbokomu. Miezi mitano nilikihariri kipindi kile,
kikaenda Dar mara tatu, kikarudi mara tatu
kama mtoto aliyefukuzwa ada.
Mara ya kwanza: lafudhi nzito.
Ya pili: hakina mvuto wa kitaifa.
Ya tatu hawakuandika kitu;
gundi ya bahasha ilikuwa bado yangu.

Ni wanawake wanaogawana maji ya mfongo, basi.
Foibe Anankira ana kijiti chenye alama saba.
Anakichomeka kwenye tope, maji yakigusa ya nne
anapaza sauti kwa jirani: Geuza!
na jirani anageuza, kwa jembe na magome ya mgomba,
na hakuna fomu.
Wanagombana, ndiyo. Dakika ya ishirini na tatu
Foibe anamwambia shemeji yake neno
ambalo sikulitafsiri.

Nikakituma. Sikupunguza hata kikohozi.

Walikirusha Jumapili, saa kumi alfajiri,
kabla hata ya yule anayesoma bei za mazao.
Jina wakalikosea: Mbokomo.
Asubuhi Kisoki angeniandikia, Ahsante sana, tumevuka,
kana kwamba tulikuwa mtumbwi mmoja.
Lakini kulikuwa bado giza, majina ya mwisho
yanapanda kwenye kioo, langu la nne,
nilipompigia Foibe kumwomba radhi.

"Saa kumi?" akasema. "Saa kumi si ndiyo zamu yangu?"

Mjane hupewa maji wenye waume wakiwa wamelala.
Mwaka wa kumi na nne huu.
Alikuwa mfongoni, buti za marehemu miguuni,
simu ya mjukuu ameining'iniza kwenye mgomba,
akijitazama akigeuza maji
huku anageuza maji.

"Lile neno ulilikata?"
Hapana.
"Vizuri." Nikasikia jembe likizama, likitoka.
"Na hao wenzako wa Dar,
wao kijiti chao anakishika nani?"

Nikatafuta la kusema.
Yeye alishageuka, mdomo mbali na simu,
akiliitia giza la bondeni:
Geuza!