Hita, Mwezi wa Sita

Gari ilichemka Akaba,
pale mlima unapogeuza shavu kuiangalia Amerat.
Mshale ulipanda kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikazima kiyoyozi, nikazima redio,
nikaizima na injini yenyewe,
nikakaa kando ya njia na harufu ile
tamu, ya halua iliyoshika sufuria.

Biju wa Sanaya alitaka riali themanini na tano.
Rejeta peke yake ilikuwa arubaini.
Kati ya hizo mbili kuna basi la skuli la Muhenna
na ng'onda wa mama.
Nikasema nitaibadili mwenyewe.
Kaka Harib alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa.

Uani, baada ya isha.
Joto limeegemea ukuta, halina pa kwenda.
Mama kwenye kiti cha plastiki, kakabidhiwa tochi,
anamulika miguu yangu, paka, mkomamanga,
kila kitu ila parafujo ninayoitafuta.
"Mama, hapa."
"Hapo nimekwisha kupaona."

Nilidhani masaa matatu yametosha.
Mfuniko nikauvika kitambaa, nikaupa robo ya mzunguko.
Ukapiga mluzi.
Mama akasema maji ya moto hayachomi nyumba.
Kweli, nyumba haikuungua.
Ni mkono tu, hapa, chini ya kiwiko,
alama kubwa kama kokwa ya tende.

Kizibo cha chini kiligeuka kwa ubishi.
Yakatoka maji ya kijani, halafu ya kahawia,
halafu uji wa kutu,
nami nayakinga kwa beseni la kukandia unga.
Hapo ndipo tulipogombana kweli.
"Limepanda ndege na mimi kutoka Wete!
Sasa litakanda nini? Saruji?"
Nikayahamishia ndoo ya rangi.
Akaifunika sinia, kwa ajili ya paka:
kitamu, akasema, humuua asiyejua kusoma.

Bolti za namba kumi, za kumi na mbili,
moja imekwisha meno, imedai plaizi na matusi.
Matusi niliyatukana kwa Kiarabu, kwa heshima ya mama,
anayeyajua yote.
Mirija ya gia ikatema mafuta mekundu
juu ya kipande cha kanga, jina lake limekatika:
ASANTE KWA,
na yaliyobaki yamelowa.

Nikaikumbatia, nikaivuta juu.
Niliutegemea uzito. Ilikuwa nyepesi
kama baba siku ile tulipomgeuza ubavu.
Mapezi yake yamejaa nzige, mchanga, nyuki wakavu,
bawa moja la kipepeo, bado lina rangi:
wadudu wa njia ya Adam,
alikokwenda kila Alhamisi peke yake
na asiseme kwa nani.

Hapo tochi ilitulia.
Kwa mara ya kwanza usiku ule ilitulia
mahali pamoja, muda mrefu.
"Haya," mama akasema. "Weka mpya."

Mpya ilikaa kama imezaliwa pale,
kasoro kidole kimoja, nikaimalizia kwa goti.

Kisha jambo ambalo Harib haamini hata leo:
unawasha hita.
Mwezi wa sita, saa tano na nusu usiku, Amerat,
hita mpaka mwisho,
na wewe ndani, unakanyaga mafuta polepole
ili hewa ipate njia.
Jasho likanijaa masikioni.
Rejeta ikacheua. Ikatulia. Ikacheua tena.
"Mpigepige mgongo," mama akasema.

Mshale ukapanda hadi katikati, ukakaa.

Ilibaki parafujo moja. Nilihesabu mara tatu.
Mama akaifunga kwenye pindo la mtandio
pamoja na ufunguo wa kabati.
"Gari ikiitaka, itaidai."

Alfajiri niliikuta rejeta kuukuu ukutani,
tochi imelala mbele yake, betri imekufa.
Nzige wapo. Nyuki wapo.
Lile bawa silioni.