Waya wa Pili

Habari ya saa saba ilikuwa imefika kwenye bei ya karafuu
msomaji akaganda, mdomo wazi,
jicho moja mahali pake, la pili limevunjika vipande
kama sahani iliyoanguka jikoni.
Bei hatukuisikia.

Faki akapanda juu ya bati bila kuambiwa.
Mtoto wa Jadida huyo, anaijua kazi yake:
atambae penye misumari,
asikanyage katikati palipooza,
alishike bomba kwa kanga yangu kuukuu,
maana jua lishalipika.

"Vipi sasa?"
"Bado!"
"Na sasa?"
"Imekuja... imekwenda. Rudi ulikotoka!"
"Wapi nilikotoka, mama?"

Zamani za chenga, picha mbaya ilikuwa bado picha.
Unamwona mtu ndani ya mvua ya mchele,
unasema yule, yule ndiye mfungaji,
ukining'iniza kifuniko cha sufuria anapata na pua.
Hii ya king'amuzi haijui nusu.
Ama yote, ama kioo cheusi na maneno mawili:
Hakuna mawimbi.
Na Wete hii, mtu anaishi na bahari mlangoni!

Nikamwita Fundi Shaame.
Akaja na bisibisi moja na maneno mengi.
Akasema antena imeliwa na chumvi.
Akasema mnazi wa jirani umerefuka.
Akasema tuigeuze kusini, kwenye mnara, tuache kutazama Tanga,
hizo akili za analojia.
Akaskani upya; asilimia zikapanda arubaini,
zikashuka kumi na mbili, mfano wa homa.
"Nunua mpya. Elfu thelathini na tano, bomba mbali."
Chai nilimpa.

Alipoondoka nikaufuata waya mwenyewe,
kwa vidole, kama anayetafuta chawa kwenye mshono.
Ukingo wa bati umeuchubua: nikaufunga utepe.
Nyuma ya pipa la maji kiungo kimeota ukijani:
nikakikwangua kwa wembe, nikakivisha mfuko wa mkate.
Nikaenda nao mpaka nyuma ya choo,
mahali mtu haendi bila sababu,
na hapo waya wangu ulikuwa na mtoto.

Mweupe, mwembamba, umepachikwa kwa ustadi,
umezungushwa uzi wa kushonea kofia
(na uzi ule naujua, na mkono ule naujua)
ukapenya tundu la ukuta, ukaingia kwa Bi Time binti Kheri,

ambaye hatusemezani tangu msimu uliopita,
jamvi lake la karafuu lilipoingia kwangu dhiraa mbili
na kuku wangu wakaingia jamvini.
Alisema neno. Nilisema matatu.

Mkasi nilikuwa nao. Sitaficha: niliufungua.

Ndipo nikamsikia msomaji, upande wa pili wa ukuta,
anakatika palepale anapokatika kwangu,
na Bi Time, peke yake, anamsemesha:
"Haya baba, maliza basi. Kilo shilingi ngapi?"
Akangoja. Akamuuliza tena, taratibu,
kama anayemlisha mgonjwa uji.

Mkasi nikaurudisha kwenye kanga.
Nikamtuma Faki dukani kwa Mbarouk
akanunue kile kidude chenye midomo miwili, elfu tatu,
na asiseme cha nini.

Kabla ya habari ya usiku Faki alikuwa juu na tochi,
mie nyuma ya choo, nakaza skrubu kwa kucha.
Nikagonga ukuta.
"Vipi sasa?"
Kimya. Mbu tu.
Nikagonga tena.
"Bado," ukuta ukasema, kwa shingo upande.
Nikampigia Faki mluzi, ageuze kidogo.
"Na sasa?"
"Imekuja. Hapohapo. Musiguse."
Nikafungua mdomo niseme jambo, la jamvi, la kuku, sijui.
"Nyamaza basi, mwanamke," akasema Bi Time,
"wanataja bei."