Saba za Fundi Sechambo

Mwaka ule mafuta yalikuwa ya mgawo,
vyuo kumi vya mkoa havikuweza kukutana vyote.
Reli hawakwenda Korogwe. Ualimu hawakufika Lushoto.
Kilimo walicheza mechi nne tu, tatu nyumbani kwao.
Basi nani bora?
Ikaamuliwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
barazani kwa Sechambo, fundi baiskeli:
watu kumi na mmoja, kila Jumatatu baada ya isha,
kila mtu na karatasi yake,
vyuo kumi, namba moja hadi kumi.

Wa kwanza hupata alama kumi, wa mwisho moja.
Wa kujumlisha nilikuwa mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na mwandiko mzuri,
tena, walisema, mtoto wa kike hana timu.

Ubao ulikuwa wa sanduku la chai,
umepakwa unga mweusi wa betri kuukuu.
Jumanne asubuhi watu walipita kuusoma
kabla hata ya kununua maandazi.
Uuguzi wamepanda ngazi mbili na hawakucheza!
Bandari wameshinda tatu bila, wameshuka!
Mhina, karani wa posta, aliitetea kura yake
kama anatetea shamba la urithi.
Nani aliiona mechi ya Muheza?
Mmoja tu, mama Chausiku wa machungwa,
naye aliupa uwanja mgongo, anamenya.
Kura yake ilikuwa na uzito uleule wa kura ya refa.

Hana timu.
Golikipa wa Reli aliniachia baiskeli yake Jumamosi mbili.
Nilifika Raskazone nikarudi, nikaanguka mara moja,
akainyoosha rimu bila kuuliza.
Sikumwambia mtu.

Jumatatu ya mwisho nikahesabu kwa koroboi.
Karatasi kumi zilisomeka.
Ya kumi na moja ilikuwa ya fundi mwenyewe,
alama ya dole gumba la grisi pembeni,
na moja yake na saba yake ni mapacha
ambao hata mama yao angewachanganya:
kijiti, na kipua juu.
Kijiti kando ya Reli.
Kijiti kando ya Ualimu.
Mmoja wa kwanza, mwingine wa saba.
Fundi alikuwa Pangani, mazikoni.
Ningengoja. Siku mbili tu.

Nikaisoma ya Reli moja.
Reli tisini na tatu, Ualimu themanini na nane.
Nikageuza, kwa kujaribu tu:
Ualimu tisini na nne, Reli themanini na saba.
Huo mgeuzo nikaufuta kwa kiganja.

Kombe halikuwapo. Kombe lilikuwa lile jina la juu.
Reli walichinja mbuzi, wakaniletea kipande cha ini
kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani.
Nililila. Lilikuwa tamu.

Shekiango, nahodha wa Ualimu, alikuja peke yake
saa saba mchana, jua kali, barabara tupu.
Hawakufungwa msimu mzima.
Aliusoma ubao kutoka chini kwenda juu,
midomo ikijumlisha,
akasema, "Haya,"
akaondoka na kivuli chake kifupi.

Fundi aliporudi nilimtazama usoni.
Aliuangalia ubao, akajikuna shingo,
akaniomba spana namba kumi.
Sijui mpaka leo aliandika nini.
Amezikwa na saba yake.

Miaka kumi na minne baadaye mwanangu karudi shule,
daftari la hesabu mkononi, na saba zote
zimekatwa mstari kiunoni.
Nani kakufundisha hivi?
"Mwalimu Shekiango.
Kasema saba lazima ifunge mkanda,
isije ikajiita moja."
Kacheka aliposema?
Mtoto akafikiri.
"Sikumbuki. Alikuwa anaandika ubaoni."

Usiku nikafungua kitabu cha madeni ya duka
nikaanza kuzikata zangu, moja moja,
tangu ukurasa wa kwanza.
Kuna nyingine sikuwa na hakika nazo.