Tatu Kamili

Kila robo mwaka, wakazi wa Val-Marguerite
tuliletewa kadi ya kijani mlangoni,
swali moja, visanduku kumi:
Meya anastahili ngapi?
Nami, Huguette Pelchat, karani wa mishahara,
nikijumlisha, nikigawa, nikiandika hundi.
Sheria tuliipitisha wenyewe, kwa makofi:
mwajiri ndiye apange ujira.
Nani angekataa?

Meya Lucien aliielewa kadi mapema.
Wiki moja kabla ya hesabu
bembea zilipakwa rangi, theluji ikazolewa hadi vizingitini,
uwanja wa hoki ukawaka taa usiku kucha,
kahawa ya bure na mikate ya mdalasini
kwenye ngazi za kanisa.
Tisa nukta mbili.
Hundi ikanenepa. Nikailamba bahasha kwa furaha,
maana mkate nami nilikula.

Kisha akaja Odile Gaboury,
mkavu kama biskuti ya jeshini,
utani hajui, jina lako atakuuliza mara tatu.
Akapima maji ya shule. Akapima tena.
Akasimama ukumbini na karatasi moja:
mabomba yetu ni ya risasi,
yalitandazwa na babu zetu,
na risasi hii haina mlio,
humwingia mtoto na uji, na supu, polepole,
hadi mwalimu aseme, huyu mbona hashiki somo?

Akachimba.
Miezi kumi na minne Mtaa wa Washonaji ukawa jeraha.
Matope, mbao za kuvukia, kodi juu,
duka la Réjean likakosa wateja,
na jeneza la mzee Aurèle
likazungushwa mabegani mtaa mzima
kwa kuwa gari la maiti halikuona njia.
Kadi zikarudi.
Nne. Tatu nukta nane. Tatu kamili.

Mgema wa kwanza tulimsifu, akalitia tembo maji.
Wa pili alitaka kuyatia maji maji,
tukamkata mshahara.

Siku ya hundi ile ya tatu alikuja dirishani kwangu,
buti zimeganda udongo wa kijivu.
Nilitarajia ugomvi. Akauliza tu
kama kodi ya nyumba hulipwa kwa awamu.
Nikamwonyesha pa kutia sahihi
bila kumtazama.

Kwani kadi namba mia nne na kumi na mbili,
yenye alama kwenye kisanduku cha kwanza,
wino umeichana karatasi kwa hasira,
ilikuwa yangu.
Asubuhi moja ya Januari mtaro wake ulinimeza kiatu,
nikafika kazini soksi imekuwa barafu.
Hiyo ndiyo tathmini yangu ya uongozi.

Kaka yangu Fernand husema, bila kadi wangelala.
Kweli, waliwahi kulala: miaka ishirini,
malipo kamili, na mikoromo.
Sina jibu la kumpa.
Ila kadi huja kila baada ya miezi mitatu,
na damu ya mtoto ina kalenda yake.

Odile alihama, kwa dada yake, Rimouski.
Jana mjukuu wangu alifungua bomba, akanywa,
akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta,
akauliza mbona naikodolea glasi.

Kadi ya robo hii iko mezani, tupu.
Kiatu kimoja kimo kabatini.
Mwenzake yuko chini ya Mtaa wa Washonaji,
amelala kando ya bomba jipya.